Ramani ya Kasanzu

Wiki iliyopita mlikuja watatu hapa kwangu Ilembo, mkanikuta napepeta maharage, mkatoa simu. "Bibi, tupe historia ya siasa ya huku kwetu," mkasema, "lakini iwe fupi, dakika tatu tu, watu siku hizi hawaangalii vitu virefu." Mmoja wenu alishawasha kamera kabla hata hajamaliza kuniamkia. Nikawaambia sina dakika tatu, nina mchana mzima. Mkacheka mkidhani natania, mkapiga picha ungo wangu, mkaondoka. Basi naandika. Atakayechoka njiani na achoke, mimi nilishachoka zamani.

Nilikuwa Bibi Maendeleo. Ndivyo watu walivyoniita miaka yote ya kazi, na wapo ambao hadi leo hawajui jina langu lingine. Kazi yenyewe ilikuwa majiko ya kupunguza kuni, vyoo, lishe ya watoto na vikundi vya akina mama. Lakini ilipoingia miaka ya tisini, vyama vingi vikaja, na wakubwa wa Mpanda wakashtuka kwamba vijana waliomaliza darasa la saba watapiga kura bila kujua nchi imefikaje ilipofika. Siku hizo tulikuwa wilaya tu ndani ya Rukwa, hapakuwa na Mkoa wa Katavi. Walimu wakasema wao wana watoto wa shuleni na wanawatosha. Akabaki nani? Nikakabidhiwa chati sita za karatasi ngumu, fimbo ya kuonyeshea, na barua inayosema nifundishe historia ya siasa kwa vijana walio nje ya shule na nitoe taarifa kila baada ya miezi mitatu.

Taarifa waliitaka kwelikweli. Baiskeli yenye breki hawakunipa.

Niliziogopa chati zile kabla hata sijazitumia. Ya kwanza ilikuwa na watemi, ya pili Wajerumani, ya tatu Waingereza, ya nne Uhuru, ya tano Azimio, ya sita mikono mingi inatumbukiza karatasi kwenye sanduku. Nikaanzia Kasokola, ndani ya ghala la ushirika. Vijana walijaa hadi mlangoni, nikafurahi, nikajiona nimeiweza kazi. Kumbe mjumbe aliyepiga mbiu aliwaambia Bibi Maendeleo kaleta mpira. Nilipofungua chati ya kwanza wakavumilia. Ya pili wakaanza kuulizana. Nilipofika ya nne, kijana mmoja akauliza yule mtu aliyeshika mwenge kama ndiye refa. Ya sita niliifungulia watu wawili, na mmoja wao alikuwa amelala.

Yule aliyekuwa macho alikuwa mzee, Mzee Kaspari, katekista mstaafu, alikaa nyuma muda wote na kofia yake magotini. Nilipokuwa nakunja makaratasi yangu kwa hasira akanisogelea. "Binti," akasema, "unawafundisha hawa mambo yaliyowapata watu wengine."

"Ni historia ya nchi yao, baba."

"Nchi yao ni hapa. Hapa napo kuna mambo. Umemuuliza nani?"

Nikaona ananipotezea muda. Hata hivyo kesho yake nikaenda kwake, nikajifanya najua kuuliza. Nikafungua daftari, nikamwuliza mkoloni alimtendea nini na ilikuwa mwaka gani. Akanitazama kama nimekuja na hati ya kumkamata. "Mwaka gani? Unataka kunishitaki?" Kisha akanihurumia. Akanifundisha, na maneno yake ndiyo niliyoyafanyia kazi miaka yote iliyofuata, kuliko karatasi yoyote ya ofisini.

Mtu mzima haulizwi mwaka. Anaulizwa wakati huo alikuwa anambeba mtoto yupi mgongoni, au njaa ipi ilikuwa imepita. Haulizwi siasa. Ukimwambia mzee akueleze siasa, atakupa wimbo wa chama na kukupigia makofi ili uondoke upesi. Mwulize kitu ambacho mkono wake unakikumbuka. Na daftari liache nyumbani, au likae kwenye mkoba mpaka umefika kona ya barabara ambako hakuoni. Haya nawapa bure, ninyi mnaowasha kamera kwanza. Kamera yenu ni mbaya kuliko daftari langu.

Mwaka uliofuata wakanihamishia Usevya. Kutoka Mpanda nilipanda lori la mahindi, tukakatiza hifadhini huku inzi wa ndorobo wakitutafuna kupitia matundu ya turubai, na chati zangu sita nimezikalia ili zisipeperuke. Laiti ningeziacha zipeperuke.

Usevya ni nchi ya mpunga, na mpunga ukianza kutoa suke wale vijana niliotumwa kuwafundisha hawaonekani tena kijijini. Wako mashambani wanaamia ndege. Nilipoteza majuma kadhaa nikiita mikutano na kuhutubia mabenchi, nikinung'unika kwamba vijana wa huku ni wavivu, mpaka mwanamke mmoja akaniambia kwa upole kwamba mvivu ni mimi. Vijana wamekaa juu ya madungu tangu alfajiri hadi jua linazama, hawana la kufanya ila kupiga kelele na kurusha udongo kwa kombeo. Wafuate huko.

Nikawafuata. Dungu ni jukwaa la miti, refu kuliko mtu, ngazi yake hutikisika, na mimi tangu zamani sikuwa mwembamba. Nilipanda hivyohivyo. Mafunzo ya kazi yetu hayakuwa na somo la namna ya kufundisha mtu ambaye kila baada ya maneno kumi anaruka na kupiga yowe. "Waingereza walipochukua nchi kutoka kwa Wajerumani... " Haaaiii! Udongo umepita sikioni kwangu. "... wakaweka utaratibu wa kutawala kupitia ... " Haaaiii! Wingu zima la kweleakwelea limehamia shamba la jirani, na jirani anatutukana. Nilirudi nyumbani nimepoteza sauti na sijamaliza hata utawala mmoja.

Lakini nawaambia, hakuna darasa nililolipenda kama lile. Kwa sababu mtu aliye juu ya dungu hawezi kuondoka. Nikajifunza kukata somo vipande vifupi, kila kipande kiishe na swali, ili akipiga yowe lake arudi na jibu. Nikajifunza pia kwamba kijana hataki uliyo nayo wewe. Anataka ya bibi yake, ila hajui kama bibi yake anayo. Kwa hiyo nikaanza kuwatuma. Nikawaambia kila mtu aende kwa bibi au babu yake, na mnajua mjukuu ana ruhusa ya utani ambayo hata afisa wa wilaya hana. Mjukuu anaweza kumwambia bibi yake, "Wewe mke wangu unanificha nini?" na bibi akacheka na kusema.

Swali nililowapa lilikuwa moja. Wazee wengi wa pale hawakuzaliwa pale barabarani. Walihamishwa kutoka vijiji vya zamani miaka ya sabini, katika ile Operesheni ya kukusanya watu kwenye vijiji vya pamoja, ambayo mmeisoma shuleni kwenye aya moja. Kasanzu ilikuwa moja ya sehemu walizotoka, mwendo wa nusu siku kwa miguu. Nikawaambia vijana: msiwaulize walihamishwaje, waulizeni waliacha nini.

Hapo ndipo mambo yalipofunguka. Walirudi madunguni na vitu. Mmoja bibi yake aliacha mlango wa mninga uliochongwa na baba yake. Mwingine aliacha kihenge cha mtama kikiwa kimejaa. Mwingine aliacha kuku anaatamia. Kijana mmoja aitwaye Gaudensi, mrefu, mwenye akili kali na dharau kidogo, alikuja na habari nyingi kuliko wote, kwa sababu bibi yake, Bibi Leokadia, alikuwa na kumbukumbu isiyo na tundu. Bibi huyo alimchorea kwa kijiti vumbini nyumba zote za Kasanzu, moja moja, nani na nani, njia ya kisimani inapita wapi. Gaudensi akanakili kwa penseli kwenye upande mweupe wa chati yangu ya pili. Wajerumani kwa mbele, Kasanzu kwa nyuma. Ndiyo kazi pekee ya maana ambayo chati ile iliwahi kufanya.

Mtaniuliza kwa nini mimi mwenyewe sikuwahi kwenda kukaa na Bibi Leokadia, ilhali nilikuwa nawasifia wazee kila siku. Vijana waliniuliza pia. Nilisema mjukuu hupata zaidi kuliko afisa. Ni kweli, ila siyo sababu yenyewe. Nitaifikia.

Tulikwenda Kasanzu kiangazi, vijana kumi na wawili na mimi. Kusoma mahame ni kazi ya macho. Mgeni anaona pori. Lakini ukiona minyaa imesimama mstari ujue palikuwa na ua. Ukiona shimo lenye nyasi za rangi tofauti, pale ndipo walipochimba udongo wa kukandika. Mawe ya kusagia hayahami, ni mazito, yanabaki yametazama juu. Vijana walikuwa wanakimbia kutoka shimo hadi shimo na ramani yao wakipiga kelele, "Hapa kwa akina Pius! Hapa kwetu!" Gaudensi alikaa kwenye jiwe la kusagia la bibi yake, akalipapasa kwa kiganja. Nililia kidogo. Nikasema moyoni, sasa umekuwa mwalimu.

Kumbe nilikuwa nimewafundisha nusu.

Pale Kasanzu palikuwa na mtu anaishi. Mzee Masanja, Msukuma, alikuwa ameshuka na ng'ombe wake kutoka kaskazini miaka kadhaa nyuma, pamoja na mke wake, Mama Kulwa, na watoto. Walikuwa wamejenga pembeni, wamelima mahindi, wamezungushia miiba makaburi ya zamani ili ng'ombe wasiyakanyage. Walitupokea vizuri. "Kalibuni, kalibuni sana," akasema Mzee Masanja, na mkewe akatuletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Vijana wakanywa, wakashukuru, wakaomba tena.

Haikupita miezi miwili, ng'ombe wa mtu, wala hawakuwa wa Masanja, wakaingia kwenye mpunga uliochelewa kuvunwa wa familia ya kijana mmojawapo. Maneno yakaanza. Wasukuma wamekuwa wengi, Wasukuma wanamaliza majani, Wasukuma hivi na vile. Na safari hii vijana walikuwa na kitu ambacho vijana wengine hawana. Walikuwa na ramani.

Siku moja Gaudensi alikuja nyumbani kwangu na wenzake wanne. Wamenyoa, wamevaa vizuri. Akafungua chati mezani. Kwenye kila nyumba, chini ya jina la babu, ameandika kwa penseli jina la mjukuu. Pembeni kuna orodha, majina ya watakaorudi Kasanzu, na chini yake mstari: wavamizi waondoke kabla ya mvua.

"Bibi Maendeleo," akasema, "tunaomba utugongee muhuri hapa."

Nilidhani sijasikia vizuri. "Muhuri wa nini?"

"Wa ofisi yako. Jumamosi tunakwenda kusafisha mipaka. Tukiwa na muhuri hatuonekani wahuni."

"Kusafisha mipaka maana yake nini, Gaudensi?"

"Si anajua mwenyewe Masanja. Akitoka kwa amani, poa. Asipotoka tunashusha majani ya paa, atatoka."

Nilikasirika. Miaka mitatu, mnasikia? Miaka mitatu ya kupanda ngazi zinazotikisika, kupitishiwa udongo masikioni, kuwafundisha hawa watoto kusikia uchungu wa mtu aliyetolewa nyumbani kwake, na matunda yake ni kwamba wanataka kumtoa mtu nyumbani kwake! Niliwafokea. Niliwaita majina ambayo sitayaandika. Niliwaambia wamekunywa maziwa ya yule mama. Gaudensi akasikiliza yote, akakunja chati polepole.

"Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba walitutoa kwa nguvu," akasema. "Sasa tukitaka kurudi unatufokea. Kwani ulitaka tukijua tufanye nini?"

Ninaandika hivi ili mjue kwamba mtu anaweza kufanya kazi miaka mitatu na asiwe amejiuliza swali hilo hata mara moja.

Nilikwenda kwa viongozi wa kijiji. Wakasema ni maneno ya vijana tu, yatapoa. Wengine nikaona machoni kwamba hawataki yapoe. Ijumaa nilipita kwa Bibi Leokadia, nikasimama mlangoni, sikuingia, nikamwomba amzuie mjukuu wake. Alikuwa anachambua mboga. "Hanisikii," akasema bila kuinua kichwa. "Kesho na mimi nakwenda. Nataka kupaona. Utanibeba kwenye baiskeli yako." Hakuniomba, alinipa taarifa.

Jumamosi asubuhi nikampakia kwenye keria, mwepesi kama mzigo wa kuni kavu, na sehemu zenye mchanga tukashuka tukasukuma. Tulipofika jua lilikuwa limeshapanda. Vijana walikuwa wengi kuliko wale kumi na wawili wangu, wengine siwajui, wana mapanga na fito ndefu. Wamesimama mbele ya nyumba. Mzee Masanja amesimama mlangoni, fimbo mkononi. Na nyuma yake Mama Kulwa alikuwa ameshaanza kutoa vitu. Hakungoja kuambiwa. Anatoa mkeka, anatoa sufuria, anatoa debe la mbegu, anapanga chini ya ukuta, haraka haraka, haangalii mtu. Moto jikoni ulikuwa bado unawaka. Chungu kilikuwa juu yake.

Niliwahi kumwona mwanamke akitoa vitu hivyo hivyo, kwa haraka hiyo hiyo.

Nikapiga moyo konde. Nikaegesha baiskeli, nikasimama kati yao na nyumba. Gaudensi akasema, "Bibi, tafadhali toka hapo." Nikasema nitatoka, ila kwanza kuna somo sikuwapa.

"Mmewauliza wazee wote waliacha nini," nikasema. "Hakuna aliyeuliza nani alikuwa anaandika. Kila nyumba iliyotolewa watu hapa, ilikuwa na jina kwenye daftari, na nyumba ikishatolewa watu jina linawekewa alama. Mgambo walikuwa wanashusha paa, lakini mgambo hakushusha paa mpaka mwenye daftari aseme tayari. Mwenye daftari alikuwa mimi."

Mtu mmoja akacheka, akidhani ni utani. Hakuna aliyemfuata.

Nikawaeleza. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nimetoka mafunzoni, nina mwandiko mzuri. Waliniletea gari, nikaona fahari. Na niliamini. Hapa msinikatize, vijana wa simu, maana najua mnapenda mtu mbaya awe mbaya tu. Niliamini kwamba watu wakikaa pamoja watapata shule, dawa na maji, na shule walipata, Gaudensi ndimo alimojifunza kuandika ile orodha yake. Sikuwa na chuki na mtu yeyote Kasanzu. Nilikuwa na sababu nzuri na orodha safi, kama wao siku ile. Katika nyumba moja mwanamke alitoa vyombo vyote vya ndani, kisha akaniomba nimngoje. Alikuwa na chungu cha maharage motoni, yamebakiza kidogo kuiva, watoto hawajala tangu jana. Aliniomba mimi, hakumwomba mgambo, kwa sababu nilikuwa mwanamke. Nikatazama lori, nikatazama saa ya kiongozi wetu, nikaweka alama. Nikasema, tayari.

"Wakashusha paa na chungu kiko motoni," nikasema. "Majani yakaangukia jikoni. Sikumwangalia usoni. Nilikuwa natafuta jina linalofuata."

Mama Kulwa alikuwa amesimama na sufuria mkononi, na nafikiri Kiswahili changu cha haraka hakukipata chote, lakini alikipata cha kutosha. Ndipo nikasikia sauti nyuma yangu, pale kwenye baiskeli.

"Hayakuwa yamebakiza kidogo," akasema Bibi Leokadia. "Yalikuwa yameiva. Nilikuwa nangoja chumvi iingie."

Nikageuka. Alikuwa ameshika usukani wa baiskeli kwa mikono miwili ili asianguke.

"Nilikujua tangu siku uliyoshuka kwenye lori na makaratasi yako," akasema. "Umenenepa, lakini unatembea vile vile. Nikasema ngoja, atakuja kusema. Miaka mitatu unamtuma huyu mtoto kwangu badala ya kuja mwenyewe. Nikamchorea nyumba zote ili uzione." Akamgeukia mjukuu wake. "Na wewe. Huyo mama kaweka nini motoni? Nenda ukaangalie. Nenda!"

Gaudensi hakwenda. Alisimama na ule ufito mrefu mkononi, hasira yote imenigeukia mimi. "Kwa hiyo hatuna haki?" akaniuliza.

"Haki mnayo," nikasema. "Twende Mpanda mkaidai, nitasimama niseme nilichofanya, waandike. Lakini nyumba yenye moto jikoni, nyie hamtaishusha mbele yangu. Mimi nilishashusha. Hakuna kilichotokea baadaye kilichokifanya kitendo kile kiwe chema."

Wale nisiowajua ndio walioondoka kwanza, wakinung'unika kwamba wamepotezewa siku. Kisha wangu, mmoja mmoja. Hakuna aliyeniaga. Bibi Leokadia akaingia jikoni kwa Mama Kulwa bila kukaribishwa, akafunua chungu, akakifunika. Wakakaa wawili pale, hawana lugha ya kuzungumza vizuri, mmoja Kipimbwe na mwingine Kisukuma, wakabaki wanaelekezana kwa mikono wapi palikuwa na kisima.

Masanja alikaa Kasanzu. Mpanda tulikwenda kweli, mara nne, mimi na wazee wachache wa Kasanzu, tukaambiwa faili linatafutwa, na mimi nikaandika kwa mkono wangu maelezo ya kurasa tatu ambayo sijui yaliishia kabati gani. Baadaye kijiji kiliwagawia wale vijana ardhi ng'ambo ya kijito, wachache wakalima, wengi wakaona ni mbali mno. Kundi langu la madunguni likafa. Msimu uliofuata nilipanda ngazi ya dungu la kwanza, na kijana aliyekuwa juu akashuka kwa upande wa pili. Sikumlaumu, ila nilikasirika, kwa sababu nilikuwa na mambo mengi ya kufundisha na kwa mara ya kwanza nilikuwa nayajua.

Gaudensi hakuniamkia miezi mingi. Tukikutana njiani aliangalia mbele. Kisha siku moja mchana alikuja, akabisha hodi, hakukaa. Akatandaza ile chati mezani kwangu. Majina ya wajukuu alikuwa ameyafuta, alama za kifutio zilionekana. Nyumba za wazee zimebaki, na pembeni ameongeza nyumba ya Masanja.

"Ulisimama wapi?" akaniuliza.

Nikainama, nikatafuta nyumba ya bibi yake, nikaweka kidole kati ya mlango na njia ya lori.

"Jina," akasema.

"Unalijua."

"Bibi Maendeleo ni cheo. Nataka jina."

Nikamtajia, la kwanza, la baba na la ukoo. Akatazama penseli yake, akairudisha mfukoni, akaniomba kalamu ya wino. Nikampa.